Moto Niliokunyima

Hawa mwanangu,

Salamu utazipata kesho asubuhi kwa mdomo wangu, pamoja na dua. Karatasi hii ni ya yale ambayo mdomo umeshindwa nayo tangu mwezi ule wa moto. Naandika mchana huu wa Jumapili, wewe na mama yako mmekwenda mtoni kufua nguo za safari, na mjomba wako Selemani amelala barazani, kofia usoni. Naandika kwa herufi za Kiarabu kwa sababu ndizo pekee nilizofundishwa kijijini kwetu Punjabi, miaka mitatu, kabla baba yangu hajanitoa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nikachunge mifugo. Wewe umekaa chuoni muda mrefu kuliko mimi. Ukikuta nimekosea, vumilia usome mpaka mwisho.

Habari za mzigo, za njia ya Matombo kwa wajomba zako na za utelezi wake, mama yako amekwisha kukuambia mara saba. Mimi sina la kuongeza. Mimi nina hasira, Hawa, na nataka ujue ni ya nani, maana wiki hizi umeniona nimenuna ukadhani nakununia wewe.

Tangu ukiwa mdogo umeniona kila mwaka, katikati ya mwezi ule Wadachi wanaouita Januari, nakwenda na wenzangu wa reli kuwasha moto nyuma ya karakana. Umeona watu wa mjini wakituchungulia na kucheka. Mwaka huu yule muuza ndizi alipiga kelele, "Jamani, njooni muone! Wahindi wanaota moto na jasho linawatiririka!" Nilicheka naye, maana alisema kweli. Joto la Morogoro mwezi ule halihitaji kuni. Lakini hujapata kuniuliza ule moto ni wa nini, na mimi sikukueleza. Sasa nitakueleza, na utaelewa kwa nini nilinyamaza.

Kwetu ule ni wakati wa baridi. Umewahi kufika Mgeta asubuhi ya mwezi wa sita, ukaona pumzi yako ikitoka kama moshi? Zidisha hapo, halafu kaa hivyo usiku na mchana. Ngano iko shambani, bado mbichi, inangoja jua. Miwa imekomaa, watu wanaikamua na kupika sukari guru katika masufuria makubwa, na harufu yake inajaa kijiji kizima. Ndipo inapokuja sikukuu yetu ya Lohri. Watoto wanapita nyumba kwa nyumba wakiimba, wanaomba kuni na vinyesi vya ng'ombe vilivyokaushwa, wanaomba karanga na ufuta. Anayewapa wanamwombea heri. Anayewanyima wanasimama mlangoni kwake na kumwimbia matusi mpaka atoke. Mimi nilikuwa hodari wa matusi kuliko wote. Kulikuwa na bibi mmoja bahili tuliyemwimbia kwamba kuku wake wana meno kumshinda, akatutupia ufuta kwa hasira, tukauokota mavumbini punje kwa punje.

Jua likizama moto unawashwa. Watu wanauzunguka, Waislamu, Wahindu na Kalasinga pamoja, wanautupia ufuta, sukari guru, karanga na bisi, halafu wanakula zinazobaki. Asubuhi yake unakula wali uliopikwa kwa maji ya miwa. Nilipomwuliza baba yangu asili yake, alisema ni jua: usiku mrefu umekwisha, jua linarudi kwetu, mkulima anashukuru kwamba shamba litaiva. Mzee wa Kihindu jirani yetu alisema moto una mungu wake na ule ufuta ni sadaka yake. Bibi yako mzaa baba aliwasikiliza wote wawili, kisha akasema, "Wanaume hawa! Lohri ni ya wasichana."

Akatusimulia. Zamani, wakati wa wafalme, kulikuwa na Mhindu mmoja maskini mwenye mabinti wawili wazuri. Ofisa wa mfalme akawataka. Hakutaka kuwaoa, aliwataka tu, kama mtu anavyotaka machungwa sokoni. Wasichana walikuwa wamekwisha poswa, lakini wakwe waliogopa wakawa wanarudi nyuma. Basi kulikuwa na mwasi mmoja msituni, Mwislamu, aliyekuwa akiwaibia matajiri na kumkaidi mfalme. Akasikia. Akawachukua wale wasichana, akawaleta wachumba wao hukohuko msituni, na kwa kuwa hapakuwa na kuhani wala hekalu, akawasha moto mkubwa wakauzunguka kwa desturi ya dini yao. Yeye akasimama mahali pa baba. Hakuwa na zawadi ya harusi ila konzi ya sukari, akawamiminia katika mitandio yao. Ndiyo maana watoto wanaimba jina lake kila Lohri mpaka leo.

Hadithi nzuri, sivyo? Na mimi niliipenda. Sasa sikiliza jambo linalonikasirisha. Watu haohao wanaoimba usiku kucha habari za wasichana waliookolewa, ule moto wanaufanya mkubwa kwa nyumba iliyopata mtoto wa kiume. Lohri ya kwanza ya mtoto wa kiume ni sherehe: ndugu wanakuja, mama anavishwa nguo mpya, sukari guru inagawiwa kijiji kizima. Mtoto akiwa wa kike, nyumba inakaa kimya. Wanaizunguka hadithi ya wasichana, wamembeba mvulana. Hakuna aliyeona ajabu. Hata bibi yako, aliyesema Lohri ni ya wasichana, alizaa wasichana wanne, na kwa ajili yao hakupata hata bisi.

Wewe ulizaliwa Tanga, nilipokuwa natandika reli ya kwanza ya Wadachi, mwezi mmoja kabla ya Lohri. Mama yako alikuwa amefuatana na mjomba wako Selemani aliyekuwa mpagazi, na Mungu akatukutanisha. Wiki hiyohiyo uliyozaliwa, mke wa mhunzi mmoja wa kwetu alijifungua mtoto wa kiume. Mhunzi akanunua sukari guru, akakusanya kuni nyingi mpaka askari akaja kuuliza kama tunataka kuchoma kambi. Watu walinipitia wakisema, "Karimu, njoo, tunamwashia mtoto wa mhunzi!" Mmoja akaniuliza, "Na wewe si umepata?" Nikasema, "Nimepata binti." Akanipiga bega akasema, "Basi, Mungu atakupa mwakani." Kama vile nimefiwa.

Nami nikashukuru pole yake. Nikarudi nyumbani kuvaa shati safi. Mama yako alikuwa amekufunga kwa kanga mpya, amejipaka mafuta, amekaa mlangoni anangoja. Nilikuwa nimemsimulia habari zote za Lohri, naye akadhani twende sote.

Akasema, "Tuko tayari, baba Hawa."

Nikamwambia ninyi mbaki, moto ule si wa mtoto wa kike.

Akacheka kwanza, akadhani natania. Halafu akaniuliza, "Wa kike ana nini?"

Nikasema ni desturi. Wa kike ataolewa, atakwenda kwa watu. Wa kiume ndiye anayebaki na ukoo.

Mama yako unamjua. Hakupaza sauti. Alisema, "Kwetu Matombo mtoto wa kike akizaliwa wanasema ukoo umeongezeka. Wa kiume tunampenda, lakini anakwenda kuzaa watoto wa ukoo wa mwanamke mwingine. Huyu ndiye shamba, huyu ndiye jina. Mimi nimekuzalia ukoo mzima, wewe unauonea aibu mbele ya mhunzi?" Kisha akafungua ile kanga akakulaza.

Nilikwenda peke yangu. Nilimtupia mtoto wa mhunzi ufuta, nikala karanga zake, nikaimba wimbo wa wale wasichana kwa sauti kubwa kuliko wote. Mama yako alisikia sauti yangu kutoka nyumbani. Alinieleza miaka mingi baadaye, tulipokwisha kuhamia huku, siku tuliyogombana kwa jambo jingine kabisa. Akasema, "Nilikaa gizani na mtoto, nikamsikia mume wangu akimwimbia mtoto wa watu." 

Huo ni moto wa kwanza. Nimekuandikia kwanza kwa sababu huu wa mwaka huu ulitoka mlemle. Aliyezoea kumwona binti yake kama nusu ya mtoto, siku moja atakubali amtoe kwa nusu ya sababu.

Fundi Fazal unamjua, mkuu wetu wa karakana. Kuna jambo kati yake na mimi ambalo hukuambiwa. Mwaka ule tulipofika Morogoro na reli, jeki iliteleza mikononi mwangu, behewa likapinduka na magunia ya saruji yakapasuka. Mdachi msimamizi akaniita mwizi na mvivu, akaamuru viboko ishirini na tano. Nilikuwa nimekwisha kulazwa chini, shati limevuliwa. Fazal akaja akasema, "Bwana, mimi ndiye niliyemwamuru aweke jeki pale. Kosa ni langu." Kwa kuwa Fazal ni fundi ambaye hawawezi kumpata mwingine, Mdachi akatukana akaondoka.

Haikuwa kweli, Hawa. Fazal hakuniamuru. Alisema uongo kuokoa ngozi yangu, na mpaka leo nasema alifanya jema. Lakini tangu siku ile nikawa mtu wake. Nilimbebea mfuko wa vyombo. Nilikata kuni zake siku za Jumapili. Akinikosea mbele ya watu nilicheka. Nilidhani hiyo ndiyo shukrani, na polepole sikukumbuka tena mpaka wake uko wapi.

Mwaka huu kwenye moto akanivuta pembeni. Amefiwa na mke, ana wajukuu kwao Punjabi. Akasema, "Karimu bhai, ndugu yangu, umezeeka. Sururu inakuwa nzito kila mwaka, naona. Mimi nikisema neno kwa Mdachi, utakuwa bawabu wa ghala. Kukaa kivulini, ufunguo mkononi."

Nikamwambia Mungu akubariki.

Akasema, "Na mimi nyumba yangu haina mwanamke. Binti yako ni mkubwa sasa." Halafu akaongeza, anatafuna bisi, wala hakunitazama, "Haya, tuseme kweli. Mama yake mtu wa milimani, yeye si wetu kamili. Nani mwingine wa kwetu atamchukua? Namsitiri."

Soma tena maneno hayo, mwanangu, uyakasirikie. Nataka uyakasirikie. Kwa sababu mimi, baba yako, niliyasikia nikaendelea kula karanga. Alipouliza, "Basi tumeelewana? Baada ya masika?" nilitikisa kichwa kuitikia. Sikusema ndiyo. Kwa muda mrefu nimejidanganya kwamba sikusema ndiyo. Nilitikisa kichwa, yeye akanipiga bega, na nyuma yetu wenzetu walikuwa wanaimba habari za yule ofisa aliyewataka mabinti wa watu.

Nilipokuwa mtoto nikisikiliza hadithi ile sikupata kuuliza, baba wa wale wasichana alikuwa wapi? Wimbo unamtaja mwasi, unataja wasichana, unataja sukari. Baba haumtaji ila kwamba alikuwa maskini. Nilidhani umaskini ndio uliomfunga mikono. Sasa najua alikuwa amekaa mahali fulani, anatikisa kichwa. Kuna mtu alikuwa amempa neno zuri, au kivuli, au ufunguo. Na ndiyo maana ilibidi mtu mwingine, mwizi wa msituni, asimame mahali pake. Miaka yote ile nilijiona mimi ni mwasi. Kila mwanaume anayeimba wimbo ule anajiona ni mwasi. Hakuna anayeimba akijiona ni yule baba.

Wewe ulisikia habari kisimani, kwa mke wa mpishi wetu wa reli. Hukunililia. Ulileta chakula, ukaweka sahani, ukasema, "Shikamoo baba," kama kwa mgeni, ukatoka. Siku kumi na mbili hukukaa nami. Niliudhika! Nilimwambia mama yako kwamba umekosa adabu. Akasema, "Adabu yake imebaki kwenye shikamoo. Ishike hiyohiyo, maana ndiyo unayopata." Kesho yake akatuma mtu Matombo kumwita kaka yake.

Siku aliyokuja mjomba wako ulikuwa umejificha chumbani, lakini najua ulisikia kicheko. Yeye alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, akakaa, akauliza habari za wote, hata za mbuzi. Kisha akasema, "Shemeji, nasikia tuna harusi. Nimekuja kujifunza. Huyo bwana harusi nikikutana naye, mimi mjomba wa bibi harusi, aniamkie yeye au nimwamkie mimi shikamoo? Maana nasikia ana wajukuu."

Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikasirika, nikasema mambo ya kwetu yeye hayajui, na kwamba baba ndiye mwenye mtoto.

Akasema kwa upole, "Baba tunakuheshimu. Umemlisha, umemsomesha chuoni, umemvisha, tumeona. Lakini huyu ni mwanangu kama alivyo mwanao. Kwetu hakuna mtoto wa kike anayetolewa mjomba hana habari. Ana shamba la bibi yake linamngoja, lina ndizi na viungo. Mtoto mwenye shamba lake, shemeji, unamsitiri na nini?"

Neno lilelile la Fazal! Hakujua kwamba Fazal amelisema, hakuna aliyemwambia.  Niliinuka nikatoka nje, nikasimama kwenye njia ya reli mpaka jua likashuka nyuma ya milima. Nilikuwa na hasira na Selemani, kisha nikaona si Selemani. Hasira ikahamia kwa Fazal. Mwisho ikafika kwangu mwenyewe.

Jana nilikwenda karakana. Watu walikuwapo wote, sikumwita pembeni, kwa makusudi. Nilisema, "Fundi, lile jambo la binti yangu halipo. Nilikosa nilipotikisa kichwa kuitikia. Mbele ya hawa wote nasema nilikosa."

Akaweka chini nyundo. "Umesahau ulivyolazwa chini bila shati?"

Nikasema, "Sijasahau. Ulichookoa ni mgongo wangu. Mgongo huu hapa, utumie. Hawa hakuwapo siku ile."

Kijana mmoja Kalasinga akacheka, akanyamaza haraka. Fazal akasema, "Utautumia, basi. Jumatatu unakwenda kambi ya kuvunja mawe, huko mbele ya reli. Bawabu nimepata mwingine." Nikasema sawa. Hawa, sitaki udhani nilisimama kama simba. Nilipotoka mtu mmoja tu alinifuata, yule mhunzi wa Tanga. Akanitembeza mpaka kwenye daraja, akasema, "Umechelewa, lakini umesema."

Kwa hiyo sote tunaondoka kesho. Nyinyi mnapanda mlima na mjomba, mama yako atakaa nawe mpaka mvua kubwa zipungue, mimi nafuata reli. Leo asubuhi mama yako alisema, "Mwashie basi moto, hata kama mwezi umepita. Ufuta upo." Nimekataa. Ningeuwasha ningejifurahisha mwenyewe, ningelala usiku nikijiona nimelipa. Sijalipa. Usiku ule wa Tanga umekwisha na siwezi kuurudisha kwa kuni. Ufuta ule mama yako ameuchanganya na asali, utaula njiani ukisikia njaa, ni chakula tu.

Huko kwenu ukipata watoto, fanya desturi unazotaka. Ukitaka kuwasimulia Lohri wasimulie. Ila usiwaambie babu yao alikuwa kama yule mwasi, na mama yako akitaka kunipamba kwao mkataze.

Sasa neno moja, ndilo nililokalia kuandika, mengine yote yamelizunguka. Fazal anajua herufi hizi ninazoandika. Anaweza kupata mtu wa kupanda Matombo na barua inayosema baba anaumwa, baba anakufa, anakuita. Usije. Nikiumwa kweli mama yako ndiye atakayekuambia kwa mdomo wake, na mjomba akushike mkono mje pamoja. Na kama barua ina mwandiko wangu mwenyewe, makosa yangu yaleyale, ukawa na hakika kwamba ni mimi niliyeandika, vilevile usije. Mawe ni mazito. Mwaka mmoja, miwili, mgongo ukikatika na mtu akinionyesha kivuli, sijui nitatikisa kichwa au sitatikisa. Ningependa kukuapia. Siwezi, maana najijua. Siku nitakayokuita peke yako, mwanangu, nivunjie amri.

Mimi baba yako,
Karimu